Tanuri Halijapoa

Tarehe 3 Machi

Dada,

Shikamoo. Habari za huko, habari za kiwanda, na hicho chumba chako chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, bado hujahama? Sisi huku hatujambo. Mama nyonga imempa nafuu, sasa anatembea hadi kwa jirani kutafuta umbea na anarudi nao bila kushika fimbo. Anakusalimu, anauliza kama unakula, na anasema usimjibu kwamba unakula kama huli.

Nina habari, kaa chini kwanza. Juzi alikuja karakana muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, yule mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Alikuja kununua chungu cha maua, akakuta dirishani kile kibao cha udongo chenye kobe, nilichokifinyanga kujifurahisha tu. Akamshika kobe mgongo, akampapasa, hakumwachia. Mwishowe akaniambia kwamba wodi inakarabatiwa, na upande wanakodungwa sindano kuna ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua. Mkandarasi anataka kuubandika vigae vyeupe. Yeye hataki. Anasema mtoto akitazama weupe anachokiona ni sindano tu. Anataka wanyama wa udongo, waliotokeza ukutani, mtoto amshike tembo mkonga wakati anachomwa.

Nimekubali, dada! Msafara wa wanyama ukuta mzima, vibao vikubwa vinene. Karakana ya marehemu baba haijawahi kutoa kazi kama hiyo. Mkandarasi ameambiwa asubiri hadi mwezi wa nane. Nisipoleta wanyama, anabandika vigae vyake.

Sasa shida ni hii. Mimi najua udongo na moto, lakini mkono wa kuchora unao wewe. Kobe nilimbahatisha. Simba wangu anatoka na sura ya mwalimu mkuu, na twiga niliyemchora jana mama aliniuliza kama ni ngazi. Nichoree, dada. Wanyama tu, kwenye karatasi, kufinyanga niachie mimi.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 15 Machi

Kitinda,

Marahaba. Mimi mzima, kiwanda kizima, dirisha linatazama ukuta na ukuta haujalalamika. Mwambie mama nakula.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipofikiri, sikupaona. Hebu nikuulize. Tanuri la baba lina ufa begani tangu wewe una meno ya utoto. Vibao vinene namna hiyo vitapindika vikikauka. Visipopindika vitapasuka motoni. Visipopasuka motoni, mkandarasi atavipasua yeye wakati wa kubandika, maana umemharibia biashara ya vigae. Haya, tuseme vimefika ukutani vizima. Watoto watabandua masikio ya wanyama wote kabla ya mwezi kwisha. Kisha atakuja muuguzi mkuu mwingine, ataona uchafu umeingia kwenye mikunjo ya tembo, ataagiza vipakwe rangi. Nyeupe.

Unadhani natia chumvi? Kazi yangu unaijua. Vigae vinapita mbele yangu, nagonga kila kimoja kwa kifundo cha kidole, nasikiliza. Kikilia vizuri kinapita, kikilia vibaya nakitupa kwenye pipa. Ndiyo kazi, asubuhi hadi jioni. Kitu kibovu nakijua kinavyolia, na barua yako ililia hivyohivyo.

Na huo mkono wangu wa kuchora usinikumbushe. Mkono huo ndio uliofinyanga ule mtungi wa nakshi za majani, ukaenda maonyesho, ukasifiwa, ukanunuliwa na ofisi ile kubwa. Unajua niliukuta wapi nilipokwenda kuutazama mwaka uliofuata. Mlangoni, umejazwa miavuli, inachuruzika maji. Nikamuuliza mlinzi, akaniambia, "Huu? Huu ni wa miavuli." Tangu siku ile sijachora hata mstari, na nalala vizuri sana.

Sichori. Mwambie yule mama aweke vigae vyeupe, vinasafishika.

Dada yako


Tarehe 29 Machi

Dada,

Shikamoo, ingawa leo imenitoka kwa shida. Mama hajambo. Mimi sijambo, nimekasirika tu.

Sikukuomba utabiri. Nilikuomba tembo.

Barua yako ina tarehe, ina salamu, na katikati ina matanga. Nani kafa? Nimekuuliza jambo moja, ukaizika kazi ambayo hata udongo wake haujachimbwa! Huo ni uchuro, dada, na unautoa kwa mwandiko mzuri kabisa.

Miavuli inauma, najua. Nilikuwepo uliporudi nyumbani ukashinda kutwa hujaonja kitu. Lakini mtu mmoja asiye na akili kuweka miavuli kwenye mtungi wako, ndiyo watoto wa wodi nzima watazame weupe? Wao walikukosea nini? Halafu eti unalala vizuri. Mtu anayelala vizuri haandiki kurasa zote hizo kuhusu kazi asiyoitaka.

Na usinione mjinga ninayechekelea tu. Ufa wa tanuri naujua, mimi ndiye ninayeuziba kila mwaka. Vibao vinene vinapasuka, najua pia. Ndiyo maana natwanga vyungu vilivyovunjika, nachanganya chenga zake kwenye udongo kama baba alivyotufundisha, ili udongo uvumilie moto. Nyumba yetu haijawahi kutupa kigae cha chungu, kila kilichovunjika kilirudi kinuni. Mabaya yote uliyoyaandika ninayajua, na mengine hukuyataja kwa sababu umekaa mbali na moto. Niliyajua yote, na bado nikamwambia yule mama ndiyo. Wewe unafikiri kusema ndiyo ni kutojua.

Nitachora mwenyewe. Ukipata likizo njoo umwone mama, maana anayekuulizia ni yeye, si mimi.

Mdogo wako,
Kitinda

Mama amesimama nyuma yangu, anataka niongeze kwamba twiga sasa anafanana na twiga. Ni uongo wa mama, lakini nimeandika.


Tarehe 9 Juni

Dada,

Salamu sina. Mama anazo, atakupa mwenyewe akitaka.

Umeondoka bila kuaga, sawa. Lakini nataka jambo hili uwe nalo kwenye karatasi, usije ukajisimulia vingine huko chumbani kwako.

Ulikuja, nikafurahi kama mtoto. Ukavikuta vibao vyangu vinakauka kivulini. Ukachukua kisu cha mti, ukamrekebisha tembo goti. Ukamrekebisha na simba taya. Ukakaa pale umeinama siku zote zile, mama akiniminya mkono nisiseme neno nikakushtua. Yule twiga wangu ukamponda, ukafinyanga mwingine, ameinamisha shingo anamtazama mwanawe. Mimi nilitoka nje nikalia kidogo. Nakwambia sasa ili uumie.

Tukapanga tanuri pamoja. Tukaziba mlango kwa matofali na tope. Tukachoma hadi kuni zikaisha, moto ukazimika, na nikakuambia kwa mdomo wangu: nakwenda wodini kupima ukuta na muuguzi mkuu, tanuri lisiguswe hadi kesho kutwa. Na hilo ulinifundisha wewe! Nikiwa mdogo ulinichapa mkono kwa kushika tofali la mlango. Tanuri likifunguliwa lina joto, upepo wa nje unaingia na udongo unapasuka hata kama ulikuwa mzima. Hakuna mfinyanzi asiyejua. Hata aliyeanza kazi jana anajua.

Nikarudi mchana, nikakuta mlango nusu uko chini, wewe umeshika tochi, unaniambia, "Nilijua. Nilijua vimepasuka."

Vilikuwa havijapasuka! Vilipasuka mbele ya macho yako, kimoja baada ya kingine, kwa upepo uliouingiza wewe. Na wewe umesimama unavisikiliza kama mtu aliyeshinda kesi. Tembo vipande. Simba vipande. Kiboko, usiseme. Twiga amebaki kichwa, na mwanawe hayupo.

Hukuweza kungoja. Sijui kama nitaelewa hata nikizeeka. Tumaini la siku mbili tu lilikuwasha mwilini kama upupu, ukaona heri uliue, upumzike. Sasa umepumzika?

Kitinda


Tarehe 20 Juni

Kitinda,

Hamjambo? Mama nyonga vipi? Dawa yake ya kuchua nimempa dereva wa basi la asubuhi, nenda ukaulizie.

Umemaliza kufoka? Basi nami nisikilize. Nilikaa mbele ya tanuri lile asubuhi nzima, peke yangu. Mama amelala, wewe uko na tepu yako ya kupimia. Ndani kukawa kunalia, ti, ti, ti. Nikajiambia ni rangi tuliyovipaka vibao inapoa, ndivyo inavyolia. Ikalia tena. Wewe hali hiyo huijui, umezaliwa na moyo wa jiwe. Mimi kila ilipolia niliona ni twiga. Nikasema nitoe tofali moja tu la juu, nichungulie. Nikamulika, nikaona mstari kwenye ubavu wa kiboko. Nikasema si unaona! Nikatoa la pili ili nione vizuri, na la tatu, na baada ya hapo mikono ilijiendea yenyewe.

Ule mstari haukuwa ufa. Nimekuja kukumbuka ndani ya basi, tumeshafika mbali. Niliuchora mwenyewe kwa kisu cha mti, mkunjo wa ngozi.

Haya, umefurahi? Lakini usiniambie eti vilikuwa vizima vyote. Hujui. Pengine nusu vingepasuka tu, na lile tanuri lako bovu. Unaniandikia kama hakimu wakati ushahidi wenyewe umeshakuwa vigae. Na hata vingetoka vizima, basi nini? Ungebandika, ungeshangiliwa siku moja, halafu yangeanza yale niliyokuambia mwezi wa tatu. Ungenisikiliza tangu mwanzo, leo usingekuwa na cha kulilia.

Ulitaka pole? Pole. Nimeandika kwa wino, itundike ukutani.

Dada yako


Tarehe 1 Julai

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya. Dawa imefika, asante sana. Mama hajambo.

Nimefikiri nikaona uko sahihi. Hakuna anayejua kama vingetoka vizima, na ufa wa tanuri kweli ni mkubwa. Nimekwenda kwa muuguzi mkuu nikamweleza kwamba haitawezekana. Nikamtajia na sababu, zile zako, kwa mpangilio wako. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Umemaliza? Mimi nina watoto wa kuchoma sindano," akaondoka. Mkandarasi ameshaagiza vigae vyake.

Nimepata kazi kwenye kiwanja cha kufyatua matofali ya saruji. Yanatoka yote sawasawa, hayana presha.

Wale wanyama nimewamwaga kwenye shimo la nyuma. Kinu nimempa jirani, kapandia maua.

Nakutakia kazi njema.

Mdogo wako


Tarehe 7 Julai

Wewe Kitinda!

Shikamoo yako irudi hukohuko, siitaki! Na "mpendwa" wako pia. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ngazi za kiwanda, nikaifinyanga ikawa donge, nikaitupa, kisha nikaifuata pipani nikaisoma tena, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Eti niko sahihi. Nani alikuomba uniambie niko sahihi? Tangu uzaliwe hujawahi kunikubalia jambo. Nikisema ni saa nne unasema saa yangu mbovu. Leo ndiyo umechagua kunikubalia, na ukachagua hili!

Na umewamwaga shimoni! Mama alipovunja sahani ya harusi yake, baba aliitwanga kabla machozi hayajamkauka mama, na mwezi uliofuata tukala kwenye sahani iliyokuwa na ile ndani yake. Mimi mwenyewe siku niliyoacha kazi ya udongo, vyungu nilivyovivunja kwa hasira nilivitwanga vyote kabla ya kupanda basi. Niliacha kazi lakini kinu nilikiacha kimejaa. Wewe umekigawa. Ama kweli umeamua.

Sasa nikwambie kinachoniuma zaidi, na nakiandika haraka kabla sijaanza kujihurumia. Nilikuwa nakata tamaa kwa raha zangu kwa sababu wewe upo. Nilikaa kwenye kile kiti nikigonga vigae, nasema haina maana, haina maana, huku najua kule nyumbani yuko mpumbavu mmoja anapanga kuni. Nilikuwa nayala matumaini yako na kuyatukana papo hapo, mdomo umejaa. Sasa umeacha, na sina mtu wa kunibishia. Ni baridi huku, Kitinda. Sikujua kama ni baridi hivi.

Basi sikia nilichofanya, ucheke ukipenda. Msimamizi ameniruhusu kuchukua udongo mbichi unaobaki kwenye mashine. Nikachukua na vigae vibovu, vilevile nilivyovikataa mwenyewe, nikaazima kinu, nikavitwanga chumbani. Mwenye nyumba akaja juu, natwanga nini jioni yote hii. Nikamwambia natwanga tembo. Hajarudi tena.

Nimeanza na kiboko. Mkono umekufa ganzi, vidole vinafanya mambo yao. Kiboko wa kwanza ametoka kama sofa, nikamponda. Wa pili naye vilevile, ila sofa ya watu wawili. Kila nikiinama, sikio langu linaniambia hiki nacho kitapasuka, na mimi nalijibu kwa sauti. Najibizana na sikio langu mwenyewe, na matusi natoa, ungesikia ungeziba masikio ya mama. Usidhani nimejaa matumaini, sina. Nafanya kama ninavyokumbuka wewe unavyofanya, na inaniudhi kupita kiasi.

Shuka shimoni utoe kitakachotoka. Kisha nenda kwa jirani ung'oe maua yake.

Dada yako, mwenye hasira


Tarehe 16 Julai

Dada,

Shikamoo, utake usitake. Mama mzima, amecheka barua yako mpaka nyonga ikamuuma, kwa hiyo na hilo ni kosa lako.

Usinipangie. Umevunja wanyama wangu, umenivunja moyo, sasa unanitumia amri? Nilipokuwa na moyo ulinizomea. Nimeuweka chini, unanigombeza kwa nini nimeuweka chini. Mtu akufanyie nini wewe uridhike?

Shimoni sishuki. Mvua imenyesha, matope hadi magotini.

Na huo udongo wa kiwandani ni laini mno, haujawahi kuuona moto wa kuni, utakuangusha. Chenga zitwange kubwakubwa, usizisage zikawa vumbi, hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Vibao usivikaushe karibu na dirisha. Vigeuze kila asubuhi, na mgongoni uvichimbe kidogo ili unene uwe sawa. Nakwambia tu usije ukasema sikukwambia.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 4 Agosti

Kitinda,

Habari zenu? Mimi mzima, mgongo tu.

Makasha matatu yako kwenye basi la asubuhi. Dereva nimemwambia akipita shimo kwa kasi nitajua. Wanyama hawajachomwa, wamekauka tu, ukimshika mmoja vibaya anavunjika kama biskuti. Nimewafunga kwa mashuka yangu yote, nalala kwenye godoro tupu, kwa hiyo mashuka yarudi. Wamo tembo, simba, punda milia na kiboko wa tano, huyo ndiye bora wao. Twiga yuko kasha la kijani. Kobe sikumgusa, kobe ni wako.

Mimi tanuri sina. Ukitaka kuwamwaga shimoni na hawa, wamwage, lakini uniandikie kwa mkono wako kwamba umewamwaga.

Najua mama atauliza kama naja. Siji. Nikija nitafungua.

Dada yako


Tarehe 14 Agosti

Dada,

Shikamoo. Hujambo? Naandika nimekaa kwenye kigogo mbele ya tanuri, mlango umezibwa, joto la matofali linanifika magotini.

Makasha yalifika. Punda milia alivunjika mguu njiani, tembo sikio moja. Nimeviunga kwa tope, tutaona. Kiboko wako wa tano bado ni sofa. Nilipofungua kasha la kijani nilipandwa na hasira, nikazunguka karakana nzima, maana nilikuwa nimejiandaa kuwadharau wote na yule twiga akaniharibia.

Kwa hiyo nimeshuka shimoni, na usishangilie. Nimetoa nilichoweza, nikaosha, nikaenda kwa jirani. Akagoma kurudisha kinu mpaka nimfinyangie chungu cha maua, nikamfinyangia huku nasaga meno. Nikatwanga tembo wa zamani, simba, kiboko, wote. Chenga zao nimezichanganya na udongo mpya, nikafinyanga swala, nyani na kobe, na vibao vya kuziba nafasi. Kule kwenye saruji nimeacha. Matofali yao yanatoka yote sawasawa kweli, nilitaka kulia.

Nilirudi kwa muuguzi mkuu. Safari hii sikumpa sababu, nilimpa vipimo. Akamwita mkandarasi, wakapigiana kelele koridoni mpaka mgonjwa mmoja akatoka kutazama. Vigae vyeupe vimeshafika, maboksi yamepangwa chini ya ule ukuta. Jumatatu fundi anaanza kubandika, na atabandika atakachokikuta. Kwa hiyo ni moto huu mmoja tu, wa pili hautakuwepo.

Tumechoma. Mama ameshika zamu ya kuni, amekaa kwenye kiti analigombeza tanuri kwa jina la baba. Moto umezimika alfajiri, na sasa ndani kunalia. Ti. Kimya. Ti, ti. Humo ndani mna udongo wa aina mbili, mguu wa kuunga na sikio la kuunga, na begani ufa niliouziba juzi kwa mikono hii. Kila ulilonitajia mwezi wa tatu limo humo. Naogopa, dada. Mkono umeshagusa tofali la juu mara mbili nikaurudisha. Nimekaa palepale ulipokaa wewe, na bado nimekukasirikia, ila sasa najua palivyo.

Barua hii naipeleka posta sasa hivi, mama atalinda mlango. Ningeweza kusubiri nikuandikie yaliyotoka. Sitaki. Nataka ukae nayo hivihivi, uone.

Upande wa mlango wa wodi kumebaki kipande cha ukuta hakina kitu. Muuguzi mkuu anataka samaki. Mimi samaki siwezi.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 21 Agosti

Kitinda,

Marahaba, mkorofi mkubwa wewe. Hamjambo? Mama apumzike, asishike kuni tena.

Barua yako imenifika leo. Kwa hiyo tanuri umeshalifungua siku nyingi, Jumatatu imepita, fundi ameshabandika, na ule ukuta sasa hivi una wanyama au una weupe. Wewe unajua, mama anajua, jirani mwenye maua anajua, mimi tu ndiye sijui. Umenipata. Nimezunguka chumba hiki nikikutukana kwa majina ambayo siwezi kuyaandika.

Msimamizi ana simu ofisini. Ameniona nilivyo, akaniambia mpigie huyo muuguzi mkuu, uliza, yaishe. Nimeenda. Nimeshika simu, namba ya hospitali naijua kwa kichwa tangu mama alipoanza kuumwa nyonga. Sikio likaanza: vimepasuka, vimepasuka, si unajua vimepasuka. Nikaiweka simu chini. Nimerudi kwenye kiti changu, nimegonga vigae vya watu mpaka kifundo kimevimba.

Karatasi ina tope kwa sababu samaki wa kwanza anakauka kivulini na wa pili niko naye mikononi. Ni mkubwa, ana hasira, mapezi yamemsimama, sijui nimemtoa wapi. Nikimaliza huyu naanza wa tatu.

Habari za tanuri usiniandikie kwanza. Niandikie upana wa kile kipande cha ukuta.

Dada yako